Spana ya Mtungi Iko Wapi Saa Nane za Usiku?

Mtungi ulikuwepo, tena umejaa. Ulisimama kwenye kona ya wodi ya watoto, umefungwa mnyororo ukutani kama inavyotakiwa. Mtoto alikuwa wa miezi saba, kifua kinabonyea kila anapovuta pumzi, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 82. Kilichokosekana ni spana ya kufungulia. Aliyekuwa zamu ya mchana aliifungia kwenye droo ya ofisi isije ikaibiwa, akaenda nyumbani na ufunguo mfukoni. Tukakimbilia kwa dereva wa gari la wagonjwa kuazima ya kwake, naye alikuwa amelala garini na vioo amepandisha. Zilikwisha dakika 20 na ushei. Mtoto alipona, mama yake akatushukuru, na sisi tukainamisha vichwa kwa aibu.

Tangu usiku ule, nikikaa kwenye kikao cha kujiandaa na janga la mafua na mazungumzo yakaanza na idadi ya mashine za kupumulia, swali langu ni moja tu: spana iko wapi? Wenzangu wamezoea, wengine hucheka. Lakini haya ninayoandika hapa, kwa waganga wafawidhi, wauguzi viongozi na madaktari wa watoto wa hospitali za rufaa za mikoa, yote yamezaliwa na swali hilo.

Kwanza tuelewane kwa nini mafua, na kwa nini watoto. Janga la mafua hutokea pale kirusi kipya, ambacho miili ya watu wengi haijawahi kukutana nacho, kinapoanza kusambaa kwa wepesi kutoka mtu hadi mtu. Limetokea 1918, 1957, 1968 na 2009. Mafua ya kila mwaka huondoka zaidi na wazee. Lakini yale ya 2009, tuliyoyaita mafua ya nguruwe, yaligeuza mambo: kwa makadirio ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, asilimia 80 ya waliokufa duniani walikuwa hawajafika miaka 65. UVIKO-19 ulituzoesha vibaya katika hili. Watoto wengi walipita salama, hivyo maandalizi mengi yakapimwa kwa mwili wa mtu mzima. Tanzania ilipata shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021 kwa ajili ya mapambano yale, na sehemu ya fedha hizo ikajenga vyumba vya wagonjwa mahututi na majengo ya dharura mikoani. Ingia kwenye chumba hicho hospitalini kwako leo, fungua makabati, uhesabu vifaa vinavyomtosha mtoto wa kilo sita. Jibu utakalopata ndilo pa kuanzia.

Argentina walituachia hesabu nzuri ya kufikiria nayo. Kati ya Mei na Julai 2009 watoto 251 wenye kirusi kile walilazwa katika hospitali za eneo la Buenos Aires zilizofuatiliwa na watafiti, kiwango ambacho kilikuwa mara mbili ya mafua ya mwaka uliotangulia. Kati yao 47 waliingia ICU, 42 wakawekwa kwenye mashine ya kupumulia, na 13 walifariki. Vifo vingi vilitokana na oksijeni kukataa kupanda kwa watoto wasiofikisha mwaka. Sasa toa 47 kwenye 251. Watoto 204 hawakufika ICU kabisa. Walihitaji kitanda, oksijeni, maji kwa kiasi, na mtu wa kuwatazama. Hao ndio watakaojaza wodi yako, na ukiwakosea hao, foleni ya ICU itarefuka yenyewe.

Hesabu ya oksijeni

Chukua kalamu. Mtoto mchanga anatumia nusu lita hadi lita moja ya oksijeni kwa dakika kwa mirija ya puani. Wa chini ya mwaka, lita moja hadi mbili. Mkubwa zaidi, moja hadi nne. Tuseme umejaza watoto 20 na wastani wao ni lita moja na nusu. Hizo ni lita 30 kwa dakika, lita 43,200 kwa siku. Mtungi mkubwa wa aina ya J una lita 6,800. Kwa hiyo unahitaji mitungi sita na ushei kila siku, takriban 45 kwa wiki, kwa wodi ya watoto peke yake, wakati wodi za watu wazima nazo zinalia na chumba cha upasuaji kinasubiri.

Je, mitungi hiyo inajazwa wapi? Umbali ni kilomita ngapi? Lori ni la nani, na dereva akiugua nani anaendesha? Mwenye kiwanda ameahidi mikoa mingapi mitungi ileile? Nimeona mpango mmoja, uliopigwa mihuri yote, ambapo hospitali tatu ziliandika kiwanda kimoja kuwa ndiyo akiba yao, na hakuna aliyempigia simu mwenye kiwanda kumuuliza.

Wakati wa kawaida, punda wa kazi ni konsentreta, mashine inayovuta hewa ya chumbani na kutoa oksijeni. Tatu za lita 10 zinabeba wodi ile ya watoto 20, ya nne iwe ya akiba, na kila moja ifungwe kigawanyio ili ihudumie watoto kadhaa, kila mmoja na kipimo chake cha mtiririko. Ila konsentreta ina maadui wawili, umeme na vumbi. Umeme ukikatika inazima papo hapo, kwa hiyo mtungi hauondoki wodini hata kama una mashine kumi. Umeme unaopanda na kushuka unaiua polepole, kwa hiyo inunuliwe pamoja na kifaa cha kutuliza umeme. Chujio la nje lioshwe kwa maji na sabuni kila wiki, likauke ndipo lirudishwe. Kazi hiyo mpe mtu mmoja kwa jina na uiandike ukutani. Kazi ya wote haina mwenyewe.

Halafu kuna kishawishi cha oksijeni ya kasi kubwa, ile inayopelekwa lita mbili kwa kila kilo kwa dakika. Ni tiba nzuri. Lakini mtoto mmoja wa kilo 10 akihitaji oksijeni tupu kwa mtindo huo anakula lita 20 kwa dakika, sawa na wenzake 13 wa mfano wetu. Kwenye hospitali ya kanda yenye mtambo wake na tangi lake, sawa. Mkoani, usianze kabla hujajua mitungi yako itafika asubuhi.

Nani apewe? Mwenye kipimo cha chini ya 90, na mwenye dalili za hatari, kama degedege au kupoteza fahamu, hata akiwa chini ya 94. Akishafika salama mpunguzie, na akiweza bila oksijeni mwondolee. Nasisitiza kwa sababu kila mzunguko wa wodi hukosi watoto wawili watatu wenye 98 na bado wamefungwa mirija tangu juzi kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuitoa. Kipimo cha kidoleni ndicho kifaa cha bei ndogo kinachookoa oksijeni nyingi kuliko vyote. Nunua chenye kishikizo cha watoto. Kile cha mtu mzima kwenye kidole cha mtoto wa miezi mitatu hutoa namba za kubuni.

Vitu vidogo kwa watu wadogo

Hapa sitakaa sana, kwa sababu ni suala la orodha na kila hospitali inaweza kuandika ya kwake. Mirija ya puani ya saizi za watoto, iwe mingi, maana inaziba kwa makamasi. Ambu ya mchanga na ya mtoto, pamoja na barakoa zake za saizi tatu. Mipira ya kuingiza kooni: kwa mtoto aliyezidi mwaka, gawa umri kwa nne uongeze nne upate saizi, na uwe na moja juu na moja chini yake. Kanyula ndogo. Mizani inayofanya kazi, kwa sababu kila dozi ya mtoto inaanza na kilo.

Dozi zenyewe zibandikwe ukutani. Dawa ya mafua makali ni oseltamivir, mara mbili kwa siku kwa siku 5. Aliyezidi mwaka na asiyezidi kilo 15 apewe miligramu 30. Hadi kilo 23, 45. Hadi kilo 40, 60. Zaidi ya hapo, 75. Wa chini ya mwaka, miligramu 3 kwa kila kilo kwa kila dozi. Ikiwa Bohari ya Dawa imeleta kapsuli za watu wazima pekee, fungua moja ya miligramu 75, koroga unga wake kwenye mililita 7.5 za maji, na kila mililita itakuwa na miligramu 10. Ni chungu, tia sukari. Inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili, lakini mtoto mahututi apewe hata akichelewa, na majibu ya maabara yasisubiriwe. Kirusi kipya kinaweza kuja na usugu wake, hivyo mwongozo wa Wizara ukitoka, karatasi ya zamani ibanduliwe siku hiyohiyo.

Mafua hayaji peke yake. Nimonia ya bakteria hufuata nyuma yake, kwa hiyo ampisilini na jentamaisini zisikosekane, na kloksasilini iwepo kwa yule ambaye saa 48 zimepita na hali haibadiliki. Malaria nayo haitachukua likizo: kila mwenye homa apimwe. Aspirini marufuku kwa mtoto mwenye mafua, kwani inaweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo. Wakumbuke watoto wa kliniki ya moyo wanaoimeza kila siku, daktari wao aulizwe mapema. Na kwa kuwa kujifukiza kutarudi, waambieni wazazi mapema kwamba sufuria la maji ya moto na mtoto mdogo chini ya shuka moja huishia wodi ya majeraha ya moto.

Macho ya usiku

Mwaka 2015 madaktari wa Dhaka, Bangladesh, walionyesha kwamba CPAP ya mapovu, yaani mrija unaosukuma hewa puani huku ncha yake ya pili ikitumbukizwa kwenye chupa ya maji, ilipunguza vifo vya watoto wenye nimonia kali: asilimia 4 walikufa, dhidi ya 15 kwa waliopata oksijeni ya kawaida. Kifaa cha bei nafuu, matokeo ya kushangaza. Watu wengi wakakikimbilia, mimi nikiwemo. Kisha 2019 yakaja matokeo ya hospitali ya wilaya nchini Malawi, ambako watoto wagonjwa zaidi, wengine wenye VVU au utapiamlo, walipewa kifaa hichohicho. Walikufa asilimia 17 kwenye CPAP, na 11 kwenye oksijeni ya kawaida.

Tofauti iko wapi? Dhaka daktari alikuwa karibu akiwasimamia. Malawi kifaa kilikaa kwenye wodi ya kawaida bila usimamizi wa daktari kila siku. Mtu anaweza kubishana na maelezo mengine ya matokeo yale, na wapo wanaobishana, lakini mimi nimeshika hilo: mashine isiyo na mtu wa kuitazama si msaada, na wakati mwingine ni hatari. Kwa hiyo kabla ya kuagiza mashine ya kumi, hesabu nani atakuwa macho saa nane za usiku.

Wodi nyingi za mikoa usiku zina muuguzi mmoja kwa watoto 20, 30, wakati mwingine zaidi. Hutaweza kuajiri wengine wiki janga linapofika. Unachoweza ni kupanga upya. Watoto wanaotumia oksijeni wakusanywe kona moja, mbele ya meza ya wauguzi, si kila mmoja kwenye kitanda alichokikuta. Weka muuguzi mmoja hapo asiyetumwa popote: si famasi, si maabara, si kumsindikiza mgonjwa. Kila saa anapita na kipimo, anaandika namba kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Wauguzi wa wodi za upasuaji na mapokezi wafundishwe sasa, nusu siku inatosha, mambo matatu tu: kupima uzito, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, na kufunga oksijeni. Pumzi 60 na zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 hadi afikishe mwaka, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Wakishazijua namba hizo tatu wanakufaa.

Na panga kana kwamba mmoja kati ya watatu hatakuja. Wauguzi ni mama za watu. Shule zikifungwa, mwanawe akiwa na homa nyumbani, hatakuja, na usimlaumu. Mwenye mimba asipangwe kona ya mafua kabisa, kwa kuwa 2009 wajawazito walikuwa miongoni mwa walioumwa vibaya zaidi.

Mama wa mtoto naye ni macho. Analala pale pale, anamjua mwanawe kuliko sote. Mwonyeshe kwa kidole: kifua kikibonyea hivi, akigoma kunyonya, akilegea, midomo ikibadilika rangi, niite, hata ukiniona nimesinzia. Apewe barakoa, anawe mikono, aendelee kunyonyesha. Vitanda viachane angalau mita moja na madirisha yabaki wazi, hata kama bibi wa kitanda cha nne atalalamika baridi, atafutiwe blanketi.

Jambo moja la dripu, kwa kuwa usiku ndipo makosa haya hutokea. Mtoto ana homa, mikono baridi, na mkono wetu unakimbilia kummiminia maji kwa kasi. Utafiti wa FEAST uliochapishwa 2011, kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10 na nusu hivi, dhidi ya 7.3 kwa waliopewa polepole. Mwenye kuharisha na kukaukiwa ni habari nyingine. Lakini mtoto wa nimonia ya mafua, mapafu tayari yamelowa, dripu yake iende taratibu.

Kabla ya kumpandisha mtoto garini

Rufaa ndiyo njia yetu ya kwanza tunapozidiwa, na katika janga ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuziba. Hospitali ya kanda yenye vitanda vichache vya ICU ya watoto itapokea simu kutoka mikoa minne usiku mmoja. Kwa hiyo mikoa yote ya kanda ikubaliane mapema: kila siku saa mbili asubuhi, simu moja ya dakika 15, kila hospitali inataja namba nne. Watoto wangapi wako kwenye oksijeni, vitanda vingapi vyenye oksijeni viko wazi, mitungi mingapi imejaa, watumishi wangapi hawakuja. Basi. Anayetaka kuhutubia aitishe kikao kingine. Kundi la WhatsApp linasaidia, mradi picha za watoto zisitumwe humo. Daktari wa kanda awe na namba moja ya simu inayopokelewa usiku, kwa kuwa mara nyingi dakika kumi za ushauri zitambakisha mtoto mkoani salama kuliko kumsafirisha.

Akilazimika kusafiri, rudi kwenye kalamu. Safari ya saa sita kwa lita mbili kwa dakika ni lita 720. Mtungi mdogo wa garini wa aina ya E una lita 680. Maana yake oksijeni itaisha dakika 20 kabla ya geti la hospitali ya kanda, kama hakuna pancha, hakuna mizani ya malori, hakuna mvua. Beba mara mbili ya hesabu yako. Spana ifungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe.

Kitanda cha mwisho

Itafika siku watoto wawili watagombea mashine moja. Siku hiyo ukiwa huna utaratibu ulioandikwa, utaratibu utakuwa kimemo: simu ya mkubwa fulani, mtoto wa mkubwa fulani. Uandikeni sasa, wakati hakuna presha. Waamue watu watatu, mmoja daktari, mmoja muuguzi, mmoja kutoka nje ya wodi, na asiwemo anayewatibu watoto hao. Waangalie nani ana nafasi ya kupona na nani mashine itamsaidia kweli, warudi kutazama tena baada ya muda waliokubaliana. Selimundu, VVU au mtindio wa ubongo peke yake isiwe sababu ya kumfuta mtoto kwenye orodha. Mzazi aelezwe na mtu mzima aliyeketi, si kwenye korido. Na mtoto asiyepata mashine bado ana haki ya oksijeni, dawa ya maumivu, na mama yake pembeni.

Mpango ukishaandikwa, ujaribuni. Semina haitoshi. Mwende wodini usiku, bila taarifa, na mwanasesere wa kilo sita: kifua kinabonyea, kipimo ni 82, umeme umekatika, anzeni. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo spana ilipatikana kwa sekunde 40, kwa kuwa sasa imefungwa mnyororo kwenye mtungi. Kilichotukwamisha ni kipimo cha kidoleni. Kilikuwa kimekufa, betri zake zimetolewa zikatiwa kwenye rimoti ya televisheni ya wodi. Betri za akiba sasa ziko kwenye mfuko uliobandikwa ukutani, na anayetaka kubadilisha chaneli anainuka.